Shafti ya difu inakatika kila mara? Anza kusoma pale palipokatika

Wiki mbili nyuma, mvua za vuli ndo zinaanza kuchanganya, kaka mmoja kaingia gereji kwetu hapa Tanga na kiroba begani. Katoka Muheza na daladala, gari kaiacha kwenye ile njia ya kupanda Amani. Ndani ya kiroba kuna shafti ya nyuma ya Land Cruiser pikapu, ule mhimili unaotoka difu (gia za katikati ya ekseli) kuzungusha tairi, vipande viwili, jasho linamtoka, ananiambia fundi nitafutie nyingine harakaharaka machungwa yanaoza juu ya gari. Nikamuuliza hii ya ngapi? Ya tatu tangu Ramadhani, na zote za kushoto.

Nikamwambia kaka, kaa kwanza unywe kahawa. Sio kwamba sina huruma na machungwa yake, ila shafti tatu zikikatika upande mmoja ndani ya miezi michache basi shafti sio mgonjwa, kuna kitu kinaziua, na ya nne itakwenda vilevile hata uagize mpya kutoka Japani. Hili ndo jambo linaloniuma kwenye kazi hii, watu wanamwaga hela kununua shafti wakati ile iliyokatika ishawaambia kila kitu, ila hamna aliyeitazama, imetupwa kwenye vyuma chakavu.

Nikachukua kile kipande cha nje, nikakiosha kwa petroli, nikakipangusa na kitambaa, nikatoka nacho juani. Pale palipokatika sehemu kubwa ilikuwa laini, imekolea kahawia, ina mistari ya duara imepangana kama mgongo wa ganda la chaza, halafu pembeni kabisa kimebaki kijisehemu kama ukucha wa kidole gumba, kinang'aa chembechembe kama sukari guru uliyoimega sahivi. Nikamwita aangalie. Hiyo kahawia ni ufa wa zamani, umekuwa ukitembea kidogokidogo wiki nyingi huku gari inafanya kazi, unyevu unaingia unatia kutu. Kale kanakong'aa ndo sehemu pekee iliyokuwa imeshika siku ya mwisho. Yani shafti ilikuwa inapindwa na kunyooshwa kila tairi inapozunguka mpaka ikachoka. Dereva wake aliyemtukana njia nzima hana kosa. Ntarudi kwenye gari hiyo, ngoja kwanza tuelewane kwenye mambo ya msingi.

Jua ekseli yako ni ya aina gani

Hapa watu wengi wanachanganya na ni hatari. Kuna ekseli za fulu floti, kama nyuma ya Land Cruiser pikapu nyingi za 70 series na nyuma ya Defender 110. Humo uzito wa gari unabebwa na hausingi, yaani lile ganda la chuma la ekseli, habu (kitovu kinachofungwa tairi) inakaa juu ya hausingi na beringi mbili, shafti yenyewe kazi yake ni kuzungusha tu. Shafti ikikatika tairi haiendi popote, na unaweza kuichomoa bila hata kupiga jeki. Halafu kuna semi floti, kama nyuma ya Hilux nyingi, Prado na Suzuki ndogo. Humo shafti inazungusha na inabeba uzito hapohapo, tairi imefungwa kwenye shafti yenyewe. Ikikatika sehemu ya nje, tairi inaweza kuondoka na dramu yake ukabaki unasota na chuma kwenye lami.

Kwaiyo ukihisi shafti ya semi floti ina tatizo, usiseme ntafika nayo taratibu mpaka Segera. Simama, tafuta gari ya kubebea. Kwenye fulu floti unayo nafasi ya kujikokota, na jinsi ya kufanya nimeeleza huko chini.

Kusoma mkatiko

Mkatiko wa kahawia wenye mistari ya chaza ni uchovu, nimeshausema. Kwenye fulu floti mara nyingi maana yake hausingi imepinda au beringi za habu zimelegea, habu inayumba na shafti inalazimika kufuata. Kwenye semi floti ufa unaanzia karibu na beringi au kwenye kona ya flenji, kile kisahani cha mwisho wa shafti kinachofungwa bolti, na chanzo mara nyingi ni mkwaruzo wa grenda au tindo aliouacha fundi aliyetoa beringi ya zamani. Mkwaruzo mdogo tu unaoushika kwa kucha unatosha kuzaa ufa.

Mkatiko wote unang'aa, chembechembe mpya sehemu nzima, hamna kahawia popote, basi ilikatika mara moja kwa nguvu. Hapo angalia meno ya shafti. Meno yakiwa yamejiviringa kama kamba ya katani iliyosokotwa ujue ilizidiwa nguvu, na inawezekana ilianza kujisokota siku nyingi kabla. Ndo maana shafti yoyote ninayoichomoa, hata kama nilikuwa nabadili sili tu (ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje), naisimamisha naangalia mistari ya meno. Meno mazima yamenyooka kama rula. Yakiwa yamelala upande hata kidogo, shafti hiyo hairudi kwenye gari.

Nguvu yenyewe inatoka wapi? Nilikaa na kalkuleta siku moja. Defender ya injini ya 300Tdi inatoa Nm 265, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Gia namba moja inazidisha mara 3.69, ukiweka lo, ile gia nzito ya gia boksi ndogo, inazidisha mara 3.32, difu inazidisha mara 3.54. Piga hesabu inapita Nm 11,000, na ikienda yote ekseli moja kila shafti inabeba kama Nm 5,700. Hapo ni injini peke yake, klachi umeiachia kistaarabu. Sasa chukulia tairi iko hewani inazunguka kwa kasi kwenye mtaro wa utelezi, dereva hajatoa mguu, ghafla tairi inatua juu ya jiwe kavu. Kila kitu kilichokuwa kinazunguka kinasimamishwa kwa mpigo mmoja, na mpigo huo unaishia kwenye shafti. Ukifunga na tairi kubwa kuliko za kiwandani ndo unazidi kuiongezea mzigo. Kwaiyo mkatiko wa namna hii dawa yake ipo kwenye mguu wa dereva, tairi ikianza kuzunguka bure toa mafuta kwanza.

Gari imegoma kwenda, injini inanguruma

Umeingiza gia, umeachia klachi, gari imesimama tu. Mwambie mtu aangalie propela chini, ule mhimili mrefu unaotoka gia boksi kwenda difu. Propela haizunguki, tatizo liko klachi au gia boksi, sio huku. Propela inazunguka na gari haiendi, basi ni shafti, au difu ndani, au stadi za habu (bolti zinazoshika flenji) zimekatika zote. Difu ya kawaida ina tabia ya kupeleka mzunguko upande mwepesi, kwaiyo shafti moja tu ikikatika ekseli nzima inakosa nguvu.

Kabla hujaenda chini ya gari, weka mawe tairi zote. Wenye Defender nawaomba mnisikilize hapa: hendi breki ya Defender haishiki tairi, inashika propela nyuma ya gia boksi ndogo. Shafti ikikatika, au ukichomoa, au hata ukinyanyua tairi moja ya nyuma tu, hendi breki hiyo haikushikii kitu na gari inaweza kukuteremkia. Kwenye mteremko wa Amani hiyo ni roho ya mtu.

Sasa kufika nyumbani. Land Cruiser fungua nati sita za flenji ya nyuma, chomoa shafti iliyokatika, kipande cha ndani jaribu kukitoa kwa sumaku au waya wenye kitanzi, maana kikibaki kinaweza kusaga difu. Kikigoma kabisa inabidi difu ishushwe. Kwenye Defender 110 yenye difu ya Salisbury unafungua mfuniko wa nyuma unaona ndani. Halafu lile tundu la habu usiliache wazi, kata plastiki ya dumu la mafuta, toboa matundu, lifunge na nati zilezile ili oili isimwagike na mchanga usiingie. Funga habu za mbele, ingiza foo wili, gari itavutwa na tairi za mbele. Defender yenyewe unaweka difu loki ya katikati, bila hiyo haitembei hata hatua. Nenda polepole, usipakie kitu. Yule kaka wa machungwa nilimweleza hivi kwa simu na utingo wake, jioni gari ikaingia gereji kwa tairi zake yenyewe, na alikuwa ameshapanga kulipa gari ya kuivuta.

Kong' ukibadili gia au ukitoka rivasi

Huu mlio unasumbua kwa sababu unaweza kutoka sehemu nne: krosi za propela (viungio vya ncha zake), meno ya difu, flenji ya habu, au stadi zilizolegea. Watu wanakimbilia difu maana ndo kubwa. Anza na rahisi.

Gari tambarare, mawe kwenye tairi, gia huru. Ingia chini, shika propela kwa mikono miwili, izungushe kushoto kulia. Ukiona upande mmoja wa krosi unacheza kabla ya upande wa pili, umempata, ni krosi. Krosi ikiwa nzima, kwenye Defender toa kile kifuniko cha mpira katikati ya habu utaona ncha ya shafti imeingia kwenye flenji. Piga mstari wa chaki unaovuka shafti na flenji. Mtu azungushe propela tena huku wewe unatazama mstari. Mstari ukivunjika katikati, shafti inatangulia flenji inafuata, meno yamekwisha. Hii nimekutana nayo mara nyingi mno na mara nyingi unga mwekundu kama pilipili ya kusaga unakuwa umejaa humo ndani, hiyo ni kutu ya vyuma vinavyosagana vikavu. Ukibadili flenji kagua na meno ya shafti, flenji mpya kwenye shafti iliyokwisha itadumu kidogo tu.

Land Cruiser nyuma flenji na shafti ni chuma kimoja kwaiyo hapo angalia stadi. Oili imechuruzika kuzunguka flenji, au nati moja unaizungusha kwa mkono, maana yake flenji inacheza kwenye habu na stadi zinakatwa moja moja. Ukikuta moja imekatika badilisha zote sita, zile nyingine zilikuwa zinabeba mzigo wake na zimechoka pia.

Mlio wa kong' ambao umekuwepo miaka mitatu na hauongezeki mara nyingi ni uwazi wa kawaida wa difu ya gari iliyozeeka. Usiuhangaikie sana.

Tak tak tak ukikata kona

Hii ni mbele, sivi jointi, kile kiungio cha gololi kinachoiwezesha shafti kuzungusha tairi hata ikiwa imekata kona. Kwenye Land Cruiser inalia habu zikiwa zimefungwa na foo wili imeingizwa. Usiijaribu kwenye lami, kona kali na foo wili kwenye lami inabana mfumo mzima. Nenda sehemu ya mchanga, kata steringi mpaka mwisho, zunguka taratibu kulia halafu kushoto, huku umetoa kichwa dirishani.

Ikilia, usinunue kwanza. Kwenye Land Cruiser za ekseli nzima ya mbele kuna jambo zuri: sivi jointi ya kushoto na kulia ni sawa, kilichotofautiana ni urefu wa shafti za ndani. Na kwa kuwa gari inaenda mbele muda mwingi, sivi jointi inalika upande mmoja wa njia za gololi. Ukizibadilisha upande, ya kulia ikaenda kushoto, gololi zinaanza kutumia upande ambao haujaguswa. Nimewafanyia watu wengi na zimeendelea kufanya kazi. Ila ukikuta kizimba kinachoshika gololi kina ufa au njia zina mashimo, hiyo ishakwisha, nunua.

Mara nyingi kinachoua sivi jointi ni sili ya ndani ya shafti. Ikipasuka, oili ya difu inahamia kwenye lile bakuli la duara nyuma ya tairi, inachanganyika na grisi, inakuwa supu nyeusi inayotiririka mpaka kwenye rimu. Grisi iliyokuwa nzito sasa ni mchuzi, hailindi kitu. Ukiona supu hiyo usipake grisi juu yake ukaondoka. Fungua, osha kila kitu, badili sili, weka grisi ya molibdeni, bakuli lijae kama robo tatu tu lisijae pomoni.

Kunguruma kunakopanda na mwendo

Barabara ya lami ya kwenda Pongwe inafaa kwa kipimo hiki. Fika mwendo wa 60 hivi, njia ikiwa nyeupe yumbisha gari polepole kushoto, halafu kulia. Ukienda kushoto uzito unahamia kulia, mlio ukiongezeka basi beringi ya kulia ndo inalia. Mlio usipobadilika kwa kuyumba ila unabadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta, hiyo ni difu. Ukibadilika na aina ya barabara, hizo ni tairi zako za matope.

Ukifika simama, gusa habu zote nne kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, beringi imebanwa kupita kiasi au breki haiachii. Kisha piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwenzio akanyage breki utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki na ni tairi ya mbele basi ni ile mihimili ya kugeuzia steringi.

Beringi za fulu floti zinakazwa kwa kipimo. Land Cruiser mbele unahitaji soketi ya milimita 54, tafadhali sana msizigonge nati zile kwa tindo, kila ninayoikuta imegongwa najua beringi ilikazwa kwa kubahatisha. Kipimo chenyewe ni rahisi, nenda kanunue ile mizani ya ndoana wanayopimia samaki. Kaza nati, zungusha habu mara kadhaa beringi zikae, legeza, kaza tena kidogo, kisha tundika ndoana kwenye stadi ya tairi uvute. Kwa 80 series habu ianze kuzunguka ukivuta kati ya kilo 3 na 5.5. Chini ya hapo imelegea, juu ya hapo inajiunguza.

Beringi ya semi floti imebanwa juu ya shafti na pete ya chuma. Hapa ndo mikwaruzo niliyosema inapozaliwa. Pete unaikata kwa grenda mpaka ibaki nyembamba kama karatasi, usiguse shafti, halafu unaipasua kwa tindo pigo moja. Mpya inaingizwa kwa presi. Isichomwe na gesi ili ilegee, moto unaharibu ugumu wa shafti, na hauonekani kwa macho.

Oili kwenye tairi kwa ndani, breki inavuta upande

Chovya kidole unuse. Nzito ina harufu kali ya kiberiti ni oili ya difu. Nyepesi kama maji inayokwangua rangi ni ya breki. Nyeusi inayoganda ni grisi ya beringi. Breki shuu zikishalowa oili ya difu badili, usizioshe kwa petroli ukazirudisha, zitakusaliti siku ya mvua.

Lakini sili mpya ikivuja ndani ya mwezi, acha kumlaumu aliyekuuzia sili. Nenda kwenye kipumulio, kile kijitundu juu ya hausingi. Huku kwetu matope ya Saadani, ule udongo mweusi unaonata, unakiziba kabisa. Difu ikipata moto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Ukiingia mtoni na difu ya moto hewa inasinyaa ghafla, difu inanyonya, na kwa kuwa kipumulio kimeziba inavuta maji kupitia sili zilezile. Halafu kuna wale wanaorudisha pikapu baharini kule Sahare kushusha boti, maji ya chumvi yakiingia humo yanatoboa vishimo kwenye beringi na shafti ndani ya wiki chache. Fungua nati ya juu ya difu uchovye kidole. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, imwage leo, usingoje mwisho wa mwezi. Osha kwa oili ya bei rahisi, endesha kidogo, mwaga, weka 85W-90 au 80W-90 ya GL-5.

Kipumulio chenyewe vuta mpira mwembamba kutoka kwenye hausingi mpaka juu ndani ya boneti au nyuma ya taa. Bei yake haifiki hata ya sili mbili.

Mtetemo, na mwisho wa habari ya machungwa

Mtetemo wa semi floti baada ya kugonga shimo mara nyingi ni flenji ya shafti imepinda. Toa tairi na dramu, funga kipande cha waya ncha yake ikaribie flenji bila kuigusa, zungusha. Uwazi ukifunguka na kufunga, imepinda. Shafti iliyopinda hainyooshwi.

Hausingi ndo kesi ngumu, na ndiyo iliyomkuta kaka yetu. Gari ilipofika tuliisimamisha kwenye sakafu tambarare, haina mzigo, upepo wa tairi sawa. Nikaazima timazi kwa fundi mwashi anayejenga jirani, nikalining'iniza pembeni ya rimu ya nyuma kulia nikapima umbali wa kamba mpaka ukingo wa juu wa rimu na ukingo wa chini. Tofauti milimita 1. Kushoto tofauti milimita 8, tairi imelala kwa ndani juu. Nikazungusha tairi nusu mzunguko nikapima tena, kuhakikisha sio rimu iliyopinda, ikabaki ileile. Nikapitisha mkono tairi ya kushoto kwa ndani, imelika upande mmoja. Hausingi imekunjika karibu na kiti cha springi. Akakubali mwenyewe kwamba msimu uliopita walipandisha matenga mpaka juu ya kichwa cha gari, na kuna siku waliangukia kwenye kalvati.

Kila shafti aliyonunua ilikuwa inaingizwa kwenye tundu lililopinda. Ndani imeshikwa na difu, nje imeshikwa na habu iliyolala, kila mzunguko inakunjwa. Tulitafuta hausingi ya mtumba iliyonyooka, tukaipima kwa timazi hilohilo baada ya kuifunga. Wapo wanaonyoosha kwa presi na kuongezea mabamba, mi nimeona zinarudi, kwa gari ya mzigo nashauri ubadilishe.

Kuchomelea, kununua, kufunga

Naona bado kuna watu wanachomelea shafti iliyokatika halafu wanaikereza ionekane mpya. Jamani, hapana. Chuma cha shafti kimepikwa kiwandani kiwe kigumu nje na kistahimili ndani, ukipitisha moto wa kuchomelea pembeni ya kiungo panakuwa laini au panakuwa kama glasi. Itatembea mjini, itakatika mlimani, na kama ni semi floti tairi itaondoka ikiwa na abiria juu. Sijawahi kuifanya na siwezi kumfanyia mtu.

Ukienda dukani beba ya zamani, vipande vyote. Hesabu meno, linganisha urefu, maana kushoto na kulia sio lazima ziwe sawa, Defender shafti ya kushoto ni ndefu. Ya mtumba sio mbaya kama meno yamenyooka na pale sili inapokaa hapana mfereji unaoushika kwa kucha. Ibiringishe kwenye kioo au meza ya bati nene, ikidunda iache.

Kuchomoa ya Land Cruiser, nati sita zilegeze mpaka mwisho lakini usizitoe, halafu gonga kwa kipande cha shaba mpaka zile washa za koni ziruke. Nyanyua kidogo upande unaofungua, oili itahamia upande wa pili isimwagike yote. Kurudisha, pakaza oili kwenye mdomo wa sili, beba shafti kwa mikono miwili iingie imenyooka, isilalie sili hata sekunde, meno yake yanaikata. Nyuzi za stadi ziwe kavu safi. Bolti za flenji ya Defender kaza Nm 65, Land Cruiser fuata kitabu cha gari yako, na kaza kwa msalaba sio kwa kuzunguka.

Halafu baada ya kilomita 100 za kwanza simama kivulini, pitisha spana kwenye kila nati, pitisha kidole chini ya flenji na nyuma ya dramu. Kaka wa machungwa nilimwambia afanye hivyo akishuka Amani na mzigo wa kwanza, akanipigia akiwa Muheza, nati moja ilikuwa imelegea robo mzunguko, kaikaza, kidole kikavu.